Vidonge Sita vya Ruhusa

Tusajigwe Mwakalinga alikwisha kukata ruhusa za watu wanne, na baada ya yule wa nne aligundua kwamba hasikii kitu moyoni. Alibonyeza, akanawa mikono, akaenda kula. Wali wa kantini ulikuwa umezidi chumvi. Hicho ndicho alichokumbuka cha siku ile: chumvi.

Kwa hiyo asubuhi hii ya Alhamisi, akipandisha vilima vya juu ya Tukuyu kwa pikipiki ya umeme, huku mvua nyembamba ikimlowesha magoti, hakuwa na furaha wala hofu. Alikuwa anakwenda kumpima Mzee Ambakisye Mwasomola, mgonjwa wake aliyekuwa akiendelea vizuri kuliko wote, na hata hilo alilijua kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake.

Mzee alimpokea sebuleni, amevaa koti la sufu na kofia aliyopewa siku alipostaafu ufundi wa mitambo kiwanda cha chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

"Mimi si daktari, baba. Nakwambia kila Alhamisi."

"Na mimi kila Alhamisi nakupandisha cheo, nawe unakikataa. Vijana wa siku hizi mna matatizo gani?" Akacheka, na kicheko kikatoka safi, hakikukwama popote. Miezi miwili nyuma alikuwa hawezi kumeza hata mate yake. Alitembea na kopo. "Juzi nimekula ndizi ya kuchoma. Nzima! Imeshuka yenyewe, haikuniuliza hata njia."

"Haikuuma?"

"Iliuma kidogo, ikaona haya, ikaendelea."

Tusajigwe alimwekea kifaa shingoni, akaitazama picha kwenye kioo kidogo. Uvimbe uliokuwa ukubwa wa limau ulipoanza kutibiwa ulikuwa umebaki kama punje ya mahindi. Vidonge thelathini na vinne vilikwisha kumezwa, cha mwisho asubuhi hiyo hiyo. Vilibaki sita. Kwa mwendo ule, siku ya sita kusingekuwa na punje.

"Hiyo sura yako haisemi kitu," Mzee akamwambia. "Niko hai au nimekufa?"

"Uko hai, baba. Sana."

"Basi tabasamu basi, hata kwa kuazima."

Akatabasamu. Mzee akamtazama, kisha akainuka kwenda uani, na kabla hajafungua mlango wa nyuma akakohoa mara tatu, kwa nguvu, kikohozi cha makusudi. Nyuma ya nyumba nyayo zikakimbia, mlango wa jikoni ukafungwa.

Ndivyo walivyoishi. Mkaza mwana wa Mzee, Sekela, hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni, hakutaja jina lake, wala hakukaa naye chumba kimoja. Wazee wa huku waliiacha desturi hiyo zamani ikawa karibu kufa, mpaka ilipokuja Homa Kubwa. Watu wakaona kwamba nyumba zilizokuwa bado zinajitenga zilizika wazee wachache. Ikarudi kwa kishindo, na vijana wenye shahada zao wakaanza kujificha nyuma ya milango kama bibi zao.

Kituo cha tiba, alikofanya kazi Tusajigwe, kiliipenda. Kabla mgonjwa hajapewa kirusi cha kula uvimbe, nyumba yake ilijaziwa fomu. Je, mgonjwa na mwangalizi wake wanakaa pamoja? Wanakula chombo kimoja? Wanashikana mikono? Nyumba ya Mwasomola ilipata alama zote. Aliyeijaza ile fomu ni Tusajigwe mwenyewe.

Mzee alipomaliza shughuli zake na kurudi ndani, Tusajigwe alizunguka kwenda jikoni. Sekela alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto wake Bupe, wa miezi kumi, amelala kifuani.

"Karibu, dada. Leo umechelewa, au mvua?"

"Mvua. Nipe kidole, mama Bupe."

"Kila wiki kidole, kila wiki kidole. Mtakuja kunimaliza." Akakinyoosha huku akigeuza uso pembeni.

Tone la damu likaingia kwenye karatasi ya kipimo. Mstari mmoja maana yake karatasi inafanya kazi. Mstari wa pili maana yake kirusi kipo, tena kinazaana. Tusajigwe alihesabu sekunde kama kawaida, akitazama mwiko uliokuwa ukutani, sufuria za alumini zilizong'arishwa kwa majivu, leso za Mzee zilizofuliwa na kuanikwa juu ya moshi.

Mistari ilikuwa miwili.

Akachukua karatasi nyingine, na kidole kingine. Miwili.

Alisubiri moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Aliangalia mistari ile kama anayeangalia mabasi mawili yaliyoegeshwa.

"Nipe na mtoto," akasema.

Bupe alilia kidogo, akanyamazishwa kwa titi kabla Tusajigwe hajapata la kusema. Kipimo chake kikatoa mstari mmoja. Tusajigwe akakishika mbele ya macho, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mmoja.

"Mbona umenyamaza?" Sekela akauliza.

"Mama Bupe, kidonge cha baba unampaje?"

"Kisanduku cha vidonge kinafunguka saa moja, nakitoa, nakisaga, natia kwenye uji. Si ndivyo mlivyosema?"

"Tulisema usage wiki ya kwanza, wakati hawezi kumeza."

"Akazoea. Na mimi nikazoea."

"Halafu uji unampelekea?"

"Nauweka mlangoni. Naonja, nagonga kijiko kwenye kikombe, naondoka. Akisikia kijiko anajua uji umefika na umeonjwa."

"Unaonja."

"Sasa nimpe baba mkwe chakula bila kuonja?" Sekela alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anatoka nje akiwa amevaa nguo. "Siku naolewa katika ukoo huu, shangazi za mume wangu walinikalisha chini asubuhi nzima. Chakula cha mkubwa hakitoki mkononi mwako mpaka kimepita mdomoni mwako. Naonja kwa kijiko changu lakini, si chake! Nimezingatia. Hatushirikiani kitu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kuna nini, dada?"

* * *

Kirusi chenyewe watu wa Rungwe walikiita mchwa, kwa sababu kilikula uvimbe kutokea ndani na kuacha ganda. Kilitengenezwa kikiwa na pengo. Ili kizaane, kilihitaji kiungo kimoja ambacho chenyewe hakikuwa nacho, kama mlango usio na bawaba. Bawaba ilikuwa ndani ya kidonge. Mgonjwa akimeza, mchwa unakula. Asipomeza siku tatu, mchwa umekufa wote. Ndiyo maana kidonge kiliitwa ruhusa, na ndiyo maana kila mgonjwa alipewa mtu asiye ndugu yake wa kuishika, ambaye kila asubuhi aliruhusu kisanduku kifunguke kwa kubonyeza simu, au alikata. Ndugu hawakati. Hilo lilijulikana tangu mwanzo.

Mtu asiyemeza kidonge hakuwa na cha kuogopa. Hata angekunywa mate ya mgonjwa, kirusi kingeingia, kikose bawaba, kife. Lakini Sekela alifua leso za Mzee na kuosha vikombe vyake, na kila asubuhi alilamba kijiko cha ruhusa. Kijiko kimoja tu, ila kwa siku thelathini na nne.

Mchana huo Tusajigwe alikuwa amesimama chini ya banda la kupimia chai, nusu kilomita kutoka kwa Mzee, karatasi mbili za kipimo cha Sekela zikiwa kwenye mfuko wa koti. Hakuwa amezipiga picha. Kipimo ambacho hakijapigwa picha kituo hakikijui. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi jioni.

Mwongozo ulikuwa na sura moja fupi kuliko zote, yenye kichwa "Mtu wa Pili." Kirusi kikikutwa kinazaana kwa mtu asiye mgonjwa, ruhusa ya mgonjwa ikatwe mara moja na nyumba ifungwe siku tatu, mshika ruhusa akiwa ndani. Basi. Hakukuwa na aya ya pili.

Sababu aliijua. Kirusi kinaponakili mwili wake hukosea. Katika makosa mengi, siku moja huenda ikatoka nakala isiyo na pengo, nakala yenye bawaba yake yenyewe, isiyomwomba mtu ruhusa. Nayo kwa kuitazama haina tofauti na zile zingine. Njia ya kuijua ni moja: ondoa kidonge, usubiri. Ikifa, ilikuwa mtiifu. Isipokufa, imetoroka. Na kama ilitoroka, ilitorokea kooni mwa Mzee, ambako kila kidonge kingeizalisha zaidi, imwendee Sekela, imwendee mtoto anayenyonya, iteremke na barabara ya lami kwenda kwa watu ambao hawakuwahi kusikia habari za mchwa. Mchwa ulipenda chembe za mwili zinazokua haraka. Uvimbe unakua haraka. Na mtoto wa miezi kumi anakua haraka.

Upande wa pili kulikuwa na punje ya mahindi. Mwili wa Mzee ulikwisha kukijua kirusi hiki. Ukikatisha leo, ukikirudisha kesho kutwa, kinga ya damu itakiua mlangoni. Hakuna mara ya pili. Punje itakuwa limau tena, na Mzee atarudi kwenye kopo, na baada ya kopo hakuna kitu.

Alipiga simu kituoni. Mkuu wake, Dk. Lugano, alipokea kwa sauti ya mtu anayetafuna.

"Niambie, Tusa. Uko wapi?"

"Kwa Mwasomola, daktari."

"Ah! Nyumba yetu ya mfano. Juzi nimeitaja kwenye kikao Mbeya, wakapiga makofi. Mzee anaendeleaje?"

"Punje ya mahindi."

"Safi sana."

"Daktari, nilikuwa nauliza. Kama akionekana mtu wa pili, hakuna namna ya kusubiri siku tatu kwanza? Kumtenga yule wa pili, mgonjwa aendelee?"

Kutafuna kukakoma. "Kuna kituo kimoja kilisubiri. Unakijua jina?"

"Hapana."

"Hukijui kwa sababu hakipo. Kwa nini unauliza?"

"Nilikuwa nasoma mwongozo."

"Soma. Ni jambo jema," akasema Dk. Lugano, kisha taratibu zaidi: "Tusa. Mpaka saa kumi, sawa?"

"Sawa."

Hakujua kama daktari alielewa au hakuelewa. Mara zote nne zilizopita alibonyeza akiwa kituoni, kwenye kiti chenye magurudumu, na upande wa pili kisanduku cha mtu fulani kikakataa kufunguka. Hakuwahi kuuona uso wa mtu anayesubiri kisanduku. Angeweza kufanya hivyo tena. Angeweza pia kuzichana karatasi zile mbili na kumwambia Sekela aache kuonja. Vyote viwili vilikuwa vyepesi, na wepesi wenyewe ndio uliomtisha kidogo, kwa mbali, kama kelele za nyumba ya jirani.

Akageuza pikipiki.

* * *

Sekela alikuwa amekwisha kuelewa. Alikuwa amesimama nyuma ya mkeka uliotenganisha ukumbi na sebule, Bupe mgongoni, kanga imevutwa mpaka machoni. Mzee alikuwa upande wa pili, kwenye kiti chake. Kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake. Tusajigwe alisimama kwenye upenyo, akiwaona wote wawili, na akawaeleza yote kwa sauti moja: mistari miwili, uji, siku tatu, sura ya Mtu wa Pili.

Mvua iliongezeka juu ya bati, kisha ikapungua.

"Mwambie mkwe," Mzee akasema, "kwamba sikujua. Nilisikia kijiko nikafurahi. Nilijisemea, huyu binti amelelewa."

Tusajigwe hakuyarudia, maana Sekela alikwisha kusikia. Lakini wote wawili walingoja. Hawakuweza kuzungumza wao kwa wao. Lazima maneno yapite kwa mtu. Akageuka.

"Anasema hakujua. Alisikia kijiko akafurahi, akaona umelelewa."

"Mwambie baba, sijutii kuonja. Najuta mtoto."

"Anasema hajutii kuonja. Anamjutia mtoto."

"Mtoto amepimwa?"

"Mstari mmoja," Tusajigwe akajibu mwenyewe.

"Mmoja. Basi mzima."

"Leo, baba. Ni mzima leo."

"Leo," Mzee akarudia.

Sekela akasogea mkekani mpaka kanga yake ikaugusa. "Mwambie dada akae kimya kuhusu hizi karatasi," akasema, na kwa kuwa dada alikuwa ni Tusajigwe, akajisahihisha: "Nakwambia wewe. Nitaacha kuonja. Nitalala jikoni. Mtoto nitamwachisha ziwa. Vimebaki sita tu, dada! Sita! Mume wangu yuko Tunduma na malori, ananiuliza kila siku, baba amekula nini. Nikamwambia juzi amekula ndizi, akalia kwenye simu, mwanaume mzima. Sasa nimwambie nini? Kwamba nimemuua baba yake kwa adabu?" Kisha akavuta pumzi. "Mwambie baba nataka aishi."

"Anasema..." Tusajigwe akaanza.

Aliyabeba maneno yale mdomoni. Yalikuwa mafupi. Alishapeleka matokeo mengi kwa watu wengi, namba na tarehe, lakini hakuna aliyewahi kumtuma sentensi kama hii.

"Nataka uishi," akasema.

Alisahau kuweka "anasema." Mzee akamtazama, na macho yake ya ufundi, yaliyozoea kusikiliza mtambo ulioharibika, yakakaa juu ya uso wake muda mrefu.

"Mwambie mkwe," akasema hatimaye, "na mimi nataka."

"Na yeye anataka."

"Nataka sana. Ningesema sitaki ningekuwa mwongo. Mimi nina miaka sitini na minane, nimeanza kula tena, kila kitu ni kitamu, hata chumvi ni tamu. Nataka vidonge vyangu sita. Niko tayari kuvimeza hata sasa hivi vyote kwa mkupuo." Sauti yake ikakwaruza, si kwa ugonjwa. "Ila usiniulize mimi. Umenielewa, binti? Ukiniuliza nitasema nipe. Kesho ukiniuliza nitasema nipe. Hata ukinionyesha mstari wa pili wa yule mtoto, sijui, labda hapo tena nitasema nipe, na ndipo nitakapokuwa mtu nisiyemjua. Usinifikishe huko. Na huyo mkwe usimuulize, kwa sababu na yeye atasema nipe, kwa ajili yangu. Si ndiyo maana wakatafuta mtu asiye ndugu?"

Bupe, mgongoni kwa mama yake, aliamka akaanza kuvuta kanga.

Tusajigwe alitoa karatasi mbili mfukoni, akazilaza kwenye kizingiti. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Akazipiga picha, moja, halafu ya pili. Kwenye nafasi ya maelezo, ambapo kwa kawaida aliandika neno moja, aliandika: *Mwangalizi huonja uji wenye dawa kabla ya kumpa mkwewe. Ni heshima, si uzembe. Fomu haikuuliza. Mimi ndiye niliyeijaza. Waangalizi wa nyumba zote waulizwe leo.* Akatuma.

Sekela alitoa sauti ndogo kama ya mtu aliyejikwaa. Mzee aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakukohoa.

* * *

Saa moja asubuhi ya Ijumaa, Tusajigwe alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya kisanduku. Ombi liliingia kwenye simu yake kama kila siku: *Ambakisye Mwasomola. Joto la kawaida. Kidonge cha 35. Ruhusu? Kataa?*

Mlango wa chumba ulifunguka. Mzee alitoka na koti lake, akaketi mbele yake, kisanduku kikiwa kati yao. Hakumsalimu wala hakungoja shikamoo. Alitaka kuona.

Tusajigwe akabonyeza *Kataa*.

Kisanduku hakikufanya lolote. Hakikulia, hakikuwaka taa. Mzee alikiangalia kwa dakika nzima, halafu akapitisha kidole juu ya kifuniko, polepole, kama anayetafuta ufa kwenye chuma.

"Kumbe ndivyo kinavyokuwa," akasema. Akarudi chumbani.

Kituo kilifunga nyumba. Kamba ya njano ilivutwa kutoka kwenye mgomba wa kwanza mpaka kwenye tangi la maji, na vyakula vikaachwa nje ya kamba. Sekela alijifungia jikoni. Bupe alibaki kwa Tusajigwe, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine, na Tusajigwe, ambaye hakuwahi kulea, alijifunza kumnywesha maziwa kwa kikombe huku nusu yakiishia shingoni. Mtoto alilia ziwa siku ya kwanza mpaka sauti ikakauka. Mama yake jikoni alilia naye, wakijibizana kupitia ukuta wa fito na udongo. Tusajigwe alitembea naye kutoka mlangoni mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka mlangoni.

Mzee hakumsemesha. Ijumaa hakumsemesha, Jumamosi hakumsemesha. Alikula chakula chake chumbani, na Tusajigwe alisikia anavyokula: taratibu mno, akitafuna kila tonge kama anayetaka kulikariri.

Kila asubuhi Tusajigwe alipima vidole viwili, cha mama na cha mtoto. Ijumaa: Sekela mistari miwili, mtoto mmoja. Jumamosi: Sekela miwili, ule wa pili ukiwa hafifu, mtoto mmoja. Kutoka kituoni Dk. Lugano aliandika kwamba nyumba kumi na tisa zimeulizwa, na katika saba mwangalizi alikuwa anaonja. Wale saba walipimwa. Hakuna aliyekutwa na kirusi. Wameambiwa waache, na wagonjwa wao wanaendelea. Chini yake aliongeza: *Umewaokoa, Tusa.* Aliusoma ujumbe mara mbili, akaweka simu kifudifudi.

Jumapili kipimo cha Sekela kilitoa mstari mmoja.

Tusajigwe alimpima tena. Mmoja. Akampima Mzee mwenyewe, kupitia upenyo wa mlango, mkono tu ukitolewa nje bila neno. Mmoja. Mchwa ulikuwa umekufa, wote, kila mahali. Haukuwahi kutoroka. Ulikuwa mtiifu tangu mwanzo mpaka mwisho, uliomba ruhusa, ukanyimwa, ukafa.

Tusajigwe alielewa maana yake akiwa bado ameshika ule mkono.

Angeweza kuondoka na kuacha barua. Mwongozo haukumtaka aeleze zaidi ya matokeo. Badala yake alimlaza Bupe kwenye mkeka, akamfunika, akagonga mlango wa chumba.

"Baba. Naomba kuingia."

"Ingia."

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Sahani tupu ilikuwa juu ya stuli. Tusajigwe alibaki amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Mkwe wako amepona. Mtoto hakuguswa. Na wewe huna tena kirusi."

"Kilitii."

"Kilitii, baba. Maana yake ni kwamba kama ningenyamaza, ukaendelea na vidonge vyako, hakuna ambaye angedhurika. Leo ungekuwa umebakiza vitatu. Jumatano ungekuwa umepona. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu."

Mzee alitazama mikono yake, mikubwa, yenye kovu la mkanda wa mashine. Nje, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, mlango wa jikoni ulifunguliwa.

"Nitaweza kumeza chakula mpaka lini?" akauliza.

"Miezi mitano. Labda sita."

"Sita." Akafikiri. "Ulijua kwamba kitatii?"

"Hapana."

"Ungeweza kujua?"

"Hapana. Si bila kukata."

"Na kama kisingetii?"

Tusajigwe alifungua mdomo. Alimwona Bupe kupitia mlango ulio wazi, mguu mmoja umetoka nje ya shuka, vidole vya mguu vikichezacheza usingizini. Jibu lilikuwa fupi, na hakuweza kulitoa. Kitu kilichokuwa kimelala kifuani mwake tangu yule wa nne, au tangu yule wa kwanza, kilijigeuza, kikapanda. Majina yao yakaja yote, wanne, na nyuso alizowahi kuziona kwenye picha za fomu tu. Machozi yakamlenga.

Mzee alimwona. Hakumsamehe, alikuwa amebakiwa na miezi sita, na hasira yake ilihitaji muda. Lakini alikuwa mzee mwenye nyumba, na mbele yake alisimama mtoto wa watu.

"Sasa hayo mengine," akasema, akiashiria mkekani kwa kidevu, kwa sauti ya chini, "ukayalie kwenu. Hapa mtoto amelala."

Tusajigwe aliitika kwa kichwa, akatoka kwa heshima, akaufunga mlango polepole ili usilie. Akavaa viatu. Alikuwa na nia kabisa ya kufika kwao. Hakuvuka hata uwanja, kilio kikamshika.